Maswali ya Wasomaji: Je, Utando Mweupe Katika Bilauri ya Ndizi Ni DNA Kweli?

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, kwamba mwanafunzi anaweza kuitoa DNA ya ndizi, yaani ile molekuli inayobeba urithi wa kila kiumbe, kwa kutumia vitu vya jikoni. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na kwa kuwa karibu zote zinazungumzia jambo hilo hilo, safu yote ya leo nimeiachia mada hii. Barua nimezifupisha na majina ya walioziandika nimeyaacha.

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kilifi. Ninafundisha sayansi Gredi ya 8 katika sekondari msingi iliyo ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Maabara hatuna, na darasa lina wanafunzi 52. Nilikwaruza sabuni ya mche kwa kisu, nikaikoroga katika maji ya kisima chetu, nikatia chumvi vijiko viwili, nikaponda ndizi mbivu humo, nikachuja kwa kitambaa, kisha nikamimina spiriti. Hata kabla ya spiriti, mabonge meupe yalikuwa yameshaanza kuelea. Wanafunzi walipiga makofi, isipokuwa msichana mmoja wa dawati la nyuma aliyeuliza, "Mwalimu, tutajuaje kuwa hii si sabuni?" Nilikosa jibu. Naomba msaada.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, swali la binti huyo lina thamani kuliko jaribio lenyewe, na ndilo nitakaloanza nalo. Mabonge yaliyoelea kabla hujamimina spiriti yalikuwa sabuni. Sabuni ya mche haipatani na chumvi: wanaopika sabuni kwa mafuta na kostiki wanalijua hilo, kwani wakitaka sabuni ijitenge na maji huitia chumvi nyingi, nayo huganda ikapanda juu. Wewe ulifanya vivyo hivyo bila kukusudia. Isitoshe, maji ya visima vingi vya pwani yamepita katika mawe ya matumbawe na kubeba chokaa, na kila afuaye nguo huko anaujua ule utando wa kijivu unaobaki ukutani mwa beseni. Utando huo ni sabuni iliyoshikana na chokaa. Nakueleza haya bila kukucheka. Miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe nilisimama mbele ya darasa, nikainua chupa ya jemu yenye vipande vyeupe, na kutangaza kuwa tumeiona DNA ya papai. Jioni, nilipokuwa nikiosha chupa ile, nilivisugua vipande hivyo kati ya vidole viwili navyo vikatoa povu.

Kwa hiyo acha sabuni ya mche, utumie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo huvumilia chumvi kidogo na maji magumu bila kuganda, na ukiweza tumia maji ya mvua. Chukua nusu ya ndizi iliyoiva lakini haijawa nyeusi, uiponde kwa dakika mbili hadi iwe uji. Maelekezo mengi ya ng'ambo husema ipondwe ndani ya mfuko wa plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, wala haina haja hapa, kwa kuwa kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Katika kikombe kingine changanya maji mililita 100, chumvi kijiko kimoja cha chai, na sabuni ya maji vijiko viwili vya chai, ukikoroga polepole ili povu lisijae, maana povu likishaingia katika mchujo huziba macho ya darasa zima. Mimina mchanganyiko huo juu ya ndizi, koroga taratibu kwa dakika tano hadi kumi, halafu chuja kwa kitambaa cha pamba kilichotandazwa juu ya chujio la chai. Kiache kidondoke chenyewe. Ukikikamua kama unavyokamua tui, makapi yatapita. Weka mililita 10 za maji yaliyochujwa katika chupa ndogo inayopitisha mwanga, iinamishe, na umimine mililita 20 za spiriti baridi iteleze ubavuni mwa chupa ili ikae juu bila kuchanganyika. Usitikise. Baada ya dakika mbili tatu, pale maji yanapokutana na spiriti, utaona nyuzi nyeupe zikipanda kama moshi wa udi, zikiwa na viputo vidogo vilivyonaswa ndani yake, na ukizizungusha kwa kijiti cha mshikaki zitajiviringisha.

Wanafunzi watataka kujua kwa nini kila kitu kimewekwa. Kuponda kunavunja kuta za seli, ambazo mimea inazo na wanyama hawana. Sabuni inashughulikia utando wa seli na utando wa kiini, ambao kwa sehemu kubwa ni mafuta, na inafanya humo kile kile inachofanya kwenye sufuria iliyopikiwa samaki wa nazi. Pia inasaidia kuzibandua protini ambazo DNA imejizungusha juu yake. Chumvi ndiyo inayowatatiza wengi. DNA ina fosfeti zenye chaji hasi mwili mzima, kwa hiyo molekuli zake husukumana. Sodiamu ya chumvi, ambayo chaji yake ni chanya, huzifunika chaji hizo na kuziruhusu molekuli zikaribiane. Spiriti inamaliza kazi, kwa sababu DNA huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika ethanoli, ambayo ndiyo kileo kilichomo katika spiriti, hivyo inapokutana nayo pale mpakani, huku chaji zake zimeshafunikwa, hujitenga na maji na kushikamana.

Sasa nirudi kwa binti wa dawati la nyuma, kwa sababu hata ukitumia sabuni iliyo sawa bado swali lake halijajibiwa. Ule utando mweupe una DNA ndani yake, lakini si DNA tupu. Una RNA, ambayo ni molekuli ndugu ya DNA, una protini, na katika ndizi una pektini nyingi, yaani ile gundi ya mimea inayofanya jemu igande. Pektini nayo huyeyuka katika maji na kuganda katika spiriti, kwa hiyo inapita njia ile ile na kutokea mahali pale pale. Kadiri ndizi inavyozidi kuiva ndivyo pektini yake inavyolegea na kuingia majini, na ndiyo sababu mojawapo ya ndizi kulainika; kwa hiyo ndizi iliyopitiliza hukupa wingu kubwa la kupendeza ambalo ndani yake mna DNA kidogo. Nusu ndizi nzima ina DNA ya kuhesabiwa kwa miligramu. Ukipata donge la ujazo wa kijiko, basi ujue kuwa sehemu kubwa ya donge hilo ni maji, pektini na vinginevyo.

Dawa yake ni vikombe vitatu badala ya kimoja, na ningependa kila mwalimu anayesoma safu hii avikumbuke hata akisahau mengine yote. Kikombe cha kwanza kiwe na ndizi, sabuni na chumvi. Cha pili kiwe na sabuni na chumvi bila ndizi. Cha tatu kiwe na ndizi na chumvi bila sabuni. Vyote vichujwe kwa namna moja, vimiminiwe spiriti ya kipimo kimoja, na vikae mezani pamoja. Kikombe cha pili kikitoa weupe wowote, weupe huo ni sabuni au chokaa, na binti ameshinda. Kikombe cha tatu karibu lazima kitoe kitu, kwa sababu pektini haihitaji sabuni ili itoke, na seli chache zimepasuka kinuni. Tofauti kati yake na cha kwanza ndiyo inayowaonyesha wanafunzi kazi ya sabuni. Waache wachore walichokiona katika kila kikombe kabla hujasema neno. Gharama inayoongezeka ni spiriti kidogo tu, na darasa la watu 52 lililogawanywa katika makundi sita linaweza kugawana kazi hiyo bila msongamano, kila makundi mawili yakishughulikia kikombe kimoja.

Na akiuliza tena, "Katika kikombe cha kwanza, ipi ni DNA na ipi ni pektini?", mjibu kwamba macho peke yake hayatoshi. Kwa kawaida DNA hutoka kama nyuzi zinazovutika na pektini kama uteute wa jeli, lakini nyuzi hubeba uteute na uteute hunasa nyuzi. Maabara huamua kwa chombo: DNA hufyonza sana mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 260, na wataalamu hupima kiasi cha mwanga huo kilichopotea.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kidato cha pili, Unguja. Baadhi ya wazazi wanalalamika kwamba spiriti ni pombe na haifai kuletwa darasani. Pia friji hatuna. Je, ninaweza kutumia kitakasa mikono kilichobaki tangu wakati wa korona?

JIBU: Mwalimu, hukumu ya kidini waulize masheikh wenu, ambao nina hakika wapo karibu na shule kuliko mimi. La kwangu ni la kemia, na huenda likawasaidia wazazi kuuliza swali lao vizuri zaidi. Kinachotakiwa ni kimiminika kinachochanganyika na maji lakini kisichoyeyusha DNA, na si lazima kiwe ethanoli. Isopropanoli, inayouzwa katika baadhi ya maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia ngozi, inafanya kazi hiyo na hata inahitajika kwa kiasi kidogo zaidi. Si kinywaji bali ni sumu ikinywewa, kama ilivyo spiriti ya viwandani, ambayo hutiwa methanoli makusudi ili watu wasiinywe. Jambo hilo waambie wanafunzi kwa maneno makavu siku ya jaribio, na spiriti uipime wewe mwenyewe.

Kitakasa mikono cha jeli hakifai, kwa kuwa kimetiwa kitu cha kukifanya kizito, na kitu hicho kitaganda katika bilauri yako kabla ya DNA. Spiriti ya kusafishia vidonda inafaa ikiwa haikutiwa mafuta, maana aina nyingine huwekewa mafuta ya mbarika. Kuna njia nyepesi ya kuijua: dondosha matone machache katika maji safi, na maji yakigeuka meupe kama yametiwa maziwa, irudishe dukani. Angalia pia namba iliyo kwenye chupa. Ethanoli inahitaji kufikia karibu theluthi mbili ya mchanganyiko wote pale inapokutana na DNA. Spiriti ya asilimia 95 ikimiminwa mara mbili ya maji yaliyochujwa hufika hapo, lakini ya asilimia 70 ikichanganywa nusu kwa nusu hushuka hadi asilimia 35, na wanafunzi wataangalia maji masafi kipindi kizima. Ukiwa na hiyo ya asilimia 70 tu, usivunjike moyo, bali imimine kwa uangalifu zaidi ili ikae juu kama tabaka, kwa sababu pale mpakani bado ni kali ya kutosha. Wako waliouliza kuhusu gongo na vinywaji vikali vya chupa. Vinywaji vya chupa vingi ni vya asilimia 35 hadi 40, ambazo hazitoshi, na gongo ni kosa la jinai kabla hata haijawa somo la sayansi.

Kuhusu friji, baridi husaidia lakini haikufungi mikono. DNA huganda hata katika spiriti yenye joto la chumbani, ila hutoka kidogo zaidi na taratibu zaidi, na vimeng'enya vya tunda vinavyoitafuna huendelea na kazi yao. Nunua barafu ya shilingi chache kwa wauza samaki, itie chumvi ili izidi kuwa baridi, na uzamishe humo chupa ya spiriti iliyofungwa vizuri kwa nusu saa. Madirisha yawe wazi, na jiko la mkaa la mpishi wa shule liwe mbali, kwa kuwa mvuke wa spiriti hushika moto hata pale ambapo huoni kimiminika chochote.

SWALI: Vitabu vyote husema tutumie stroberi. Huku Bukoba stroberi ni tunda la hotelini. Je, tutumie nini, na kwa nini wao wanaipenda hivyo?

JIBU: Wanaipenda kwa sababu mbili, na zote ni za haki. Stroberi ya kibiashara ina seti nane za kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, katika kila seli, jumla 56, wakati sisi binadamu tuna seti mbili tu. Halafu ikiiva ni laini kiasi kwamba mtoto huiponda kwa kiganja. Hata hivyo, wewe uliyeko Bukoba huna sababu ya kuionea wivu. Ndizi nyingi tunazokula, zikiwemo za kupika zinazoujaza mkoa wako, zina seti tatu, na ndiyo maana hazina mbegu na hupandwa kwa machipukizi: seti tatu hazigawanyiki sawasawa katika kutengeneza mbegu. Kwa hiyo mwalimu anapochukua ndizi mezani anapata jaribio la kemia, na papo hapo anapata somo la urithi ambalo stroberi isingeweza kulitoa kwa watoto wanaoishi migombani. Chagua ya kuiva, wala si ya kupika ikiwa mbichi, kwa kuwa mbichi imejaa wanga, na wanga hufanya mchujo uwe na ukungu.

Papai ndilo ninalolipenda mimi. Seli zake hulainika upesi, na utomvu wake, hasa wa papai bichi, una kimeng'enya cha papaini, ambacho hukatakata protini. Mama wa pwani anayepaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki saa moja kabla ya kuichoma anatumia kimeng'enya hicho hicho, kwa kazi hiyo hiyo. Tunda bivu lisaidie kwa kipande kidogo cha bichi kilichopondwa pamoja nalo, uache mchanganyiko ukae dakika kumi, na protini nyingi zilizoshikana na DNA zitakuwa zimekatwa. Nanasi lina bromelaini inayofanya vivyo hivyo, lakini liwe halijapikwa, si la kopo, kwa sababu la kopo limepikwa na kimeng'enya chake kimekufa.

Hila hiyo ni ya zamani kama ugunduzi wenyewe. Mwaka 1869 daktari kijana wa Uswisi, Friedrich Miescher, alikuwa akifanya kazi Tübingen, Ujerumani, katika maabara iliyowekwa ndani ya jiko la zamani la ngome ya mji huo. Alipewa bandeji zilizotumika hospitalini, akaosha usaha wake ili apate chembe nyeupe za damu, na ili aviondoe vitu vilivyozunguka viini vyake alitumia kimeng'enya cha kusaga protini alichokitoa katika tumbo la nguruwe. Alibaki na kitu cheupe chenye fosforasi nyingi, ambacho hakikufanana na protini yoyote iliyojulikana, akakiita nuklini kwa kuwa kilitoka katika viini. Hicho ndicho tunachokiita DNA leo. Usaha ulikuwa malighafi nzuri kwake, ingawa sikushauri uanze nao.

Maembe yenye nyuzi hutoa uteute mwingi, na machungwa ni maji na tindikali zaidi kuliko seli. Lakini ukiona matunda yote yanakukatisha tamaa, nenda kwenye kitunguu maji. Najua si tunda. Seti moja ya kromosomu zake ina jozi za herufi, yaani vipande vidogo vinavyoiunda DNA, zipatazo bilioni 16, wakati yetu ina bilioni 3 na ya ndizi karibu nusu bilioni, hivyo kila seli ya kitunguu imesheheni. Kisagwe vizuri, kivumiliwe harufu yake, na nyuzi zitakazotoka zitakuwa na uteute mchache kuliko zile za ndizi. Mwanafunzi atakayeuliza kwa nini kitunguu kikawa na DNA nyingi kuliko yeye, mwambie kwamba sehemu kubwa ya DNA hiyo ni vipande vilivyojirudia mara nyingi mno, na kwamba wingi wa DNA haupimi ugumu wa maumbile ya kiumbe.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha kwanza amerudi nyumbani hapa Tanga akisema kesho "wanapima DNA" shuleni. Sikulala. Shule ina haki gani kupima watoto wetu baba zao ni akina nani bila idhini yetu?

JIBU: Mama, lala. Watakachokipima ni tunda, na hata hilo hawatalipima. Watalitoa DNA yake na kuitazama. Kutoa DNA na kuisoma ni kazi mbili zilizo mbali sana. Ili kujua uhusiano wa mzazi na mtoto, maabara huchukua chembe za mtoto na za anayedhaniwa kuwa mzazi, hunakili mara mamilioni sehemu fulani za DNA ambazo hutofautiana baina ya watu, kisha hulinganisha urefu wa sehemu hizo kwa mashine. Bilauri yenye sabuni ya vyombo haiwezi hata hatua ya kwanza ya kazi hiyo. Hapa Tanzania vipimo vya vinasaba vya binadamu vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayohusika navyo.

Hata hivyo, hofu yako inaniruhusu niseme neno kwa walimu. Yapo maelekezo yanayopendekeza wanafunzi wasukutue maji ya chumvi na kutoa DNA ya mashavu yao wenyewe. Kisayansi inawezekana, lakini mate ya watoto hamsini katika chumba kimoja ni suala la afya, na neno "DNA" likitajwa pamoja na jina la mtoto huzua maneno mtaani yasiyo na mwisho. Ndizi haina jirani wa kuisema. Itumieni hiyo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa Mwanza. Tuliweka ule uzi chini ya hadubini ya shule ili tuone umbo la DNA, ile ngazi iliyosokotwa iliyomo kitabuni, lakini tuliona takataka tu. Je, hadubini yetu ni mbovu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hadubini yenu ni nzima. Ngazi hiyo ina upana wa nanomita 2, na hadubini ya mwanga, hata iwe ya bei gani, haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Kwa hiyo unachokitafuta ni chembamba mara mia kuliko kipimo chake cha mwisho. Unaweza kuuona uzi kwa macho kwa sababu ni mamilioni kwa mamilioni ya molekuli zilizoshikana, kama vile unavyouona mkeka ukiwa mbali ingawa ukindu mmoja huuoni. Takataka ulizoziona zilikuwa vipande vya kuta za seli vilivyopita katika chujio, na pengine viputo vya hewa.

Umbo la ngazi halikuonwa na mtu kwa jicho, lilikokotolewa. Na lililowezesha hesabu hiyo ni kitu ulichokifanya wewe kwa kijiti. Mwaka 1950 mkemia wa Uswisi, Rudolf Signer, aligawa DNA safi sana aliyoitoa kwenye tezi za ndama, na Maurice Wilkins wa King's College, London, alipoigusa ikiwa na unyevunyevu na kuivuta, ilifuata ikiwa uzi mwembamba kama wa buibui. Uzi uliovutwa namna hiyo molekuli zake hulala upande mmoja, hivyo ukipitishiwa eksirei hutoa picha yenye mpangilio. Mwezi Mei 1952 Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata kwa uzi wa namna hiyo picha yenye alama ya msalaba, ambayo ni dalili ya kitu kilichosokotwa, na mwaka uliofuata James Watson na Francis Crick, wakitumia vipimo vya Franklin, walichapisha umbo unalolijua.

Umeuliza pia, pembeni mwa barua, kama ni kweli sisi na ndizi tunafanana nusu kwa nusu. Kauli hiyo husemwa kizembe. Kinachohesabiwa ni sehemu ya jeni zetu ambazo zina jeni ya ndizi inayotambulika kuwa ndugu yake wa mbali, hasa zile za kazi ambazo kila seli lazima izifanye, kama kuvunja sukari ili kupata nguvu na kuinakili DNA yenyewe. Haina maana kwamba nusu ya herufi zako zimo katika ndizi, neno kwa neno.

SWALI: Kikombe chetu tulikiacha dirishani hapa Nakuru kwa wiki moja ili wazazi waione DNA siku ya mkutano. Kimegeuka maji ya kijivu yanayonuka. Kosa ni lipi?

JIBU: Kosa ni kuuacha uzi juu ya maji ya tunda. Chini ya spiriti mlibakiza sukari, protini na vimeng'enya, spiriti ikaendelea kuruka hewani, na vijidudu vikapata karamu. Mara nyingine uviringisheni uzi kwa kijiti siku hiyo hiyo, muutumbukize katika chupa ndogo ya dawa iliyooshwa na kukauka, muijaze spiriti safi hadi shingoni, na mfunge kifuniko. Ukiwa ndani ya spiriti tupu, utakaa miezi bila kuharibika, ila utasinyaa kidogo na kuwa mweupe zaidi. Bandikeni karatasi yenye jina la tunda, tarehe, na maneno "Si ya kunywa", kwa sababu siku ya mkutano wa wazazi huwa na joto na watu huwa na kiu.